Kutoka Sanduku la Vitabu hadi Hifadhidata ya Makala: Historia ya Maktaba za Shule na Utafiti wa Wanafunzi Mkoani Singida, 1948–2024

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya njia ambazo mwanafunzi wa sekondari mkoani Singida ameweza, au ameshindwa, kuyafikia maandishi ya kitaalamu kuanzia mwaka 1948 hadi 2024. Inaanzia katika masanduku ya vitabu ya enzi ya ukoloni, inapitia kuundwa kwa huduma za maktaba za taifa na ukame wa vitabu wa miaka ya 1980, na kuishia katika hifadhidata za makala zilizomo mtandaoni. Hoja kuu ni kwamba kila awamu ilikuwa na picha yake ya msomaji, na mwanafunzi wa shule akiwa mtafiti hakuwahi kuwamo katika picha hiyo. Kwa sababu hiyo, kufika kwa mtandao kulifupisha umbali bila kufungua lango. Insha inaonesha pia kwamba kutafuta habari za Singida ndani ya hifadhidata ni kazi ya kihistoria yenyewe, kwa kuwa majina ya watu na mahali yamebadilika mara nyingi. Inahitimisha kwa kupendekeza nafasi ya mkutubi, ya maktaba ya umma na ya hazina huria za vyuo vikuu katika kulifungua lango hilo.

Maneno ya msingi: maktaba za shule, hifadhidata ya makala, utafiti wa wanafunzi, historia ya Singida, ufikiaji huria

1.0 Utangulizi

Mwaka 1912 jarida la Chama cha Jiografia cha Hamburg, nchini Ujerumani, lilichapisha makala ya Erich Obst iliyosimulia safari yake kutoka Mkalama hadi nchi ya watu aliowaita Wakindiga, ambao leo tunawafahamu kwa jina la Wahadzabe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jarida la Baessler-Archiv la Berlin lilitoa makala ndefu ya von Sick kuhusu mila na maisha ya Wanyaturu. Mwaka 1969 Marguerite Jellicoe alichapisha katika jarida la Tanzania Notes and Records makala kuhusu upinzani wa Wanyaturu dhidi ya utawala wa Wajerumani. Mwaka 2000 Todd Sanders aliandika, katika jarida la Taasisi ya Kifalme ya Anthropolojia la Uingereza, kuhusu matambiko ya mvua ya wanawake wa Ihanzu.

Makala hizi nne zinafanana kwa mambo mawili. Kwanza, zote zinahusu nchi ambayo leo ni Mkoa wa Singida. Pili, zote ziliandikwa kwa Kijerumani au Kiingereza na kuchapishwa mbali na Singida, katika majarida ambayo hayakukusudiwa kusomwa na watu waliozungumziwa ndani yake. Mwanafunzi wa kidato cha tano anayetoka Mkalama, Ikungi au Mungumaji anaweza kumaliza masomo yake bila kujua kwamba makala hizo zipo.

Katika insha hii, hifadhidata ya makala ina maana ya mkusanyiko wa makala za majarida uliopangwa kidijitali, ambamo msomaji anaweza kutafuta kwa jina la mwandishi, kwa mada au kwa neno, kisha akaisoma makala popote palipo na mtandao. Inasemwa mara nyingi kwamba chombo hiki kimeondoa tofauti kati ya msomaji wa mjini na wa kijijini. Insha hii inaikubali sehemu tu ya kauli hiyo. Inauliza: ikiwa umbali umefupishwa kiasi hicho, kwa nini maktaba ya shule mkoani Singida bado iko mbali na makala zinazohusu Singida? Ili kulijibu swali hili, tunafuata mfuatano wa wakati, tukiuliza katika kila awamu ni nani aliyehesabiwa kuwa msomaji.

2.0 Sanduku la vitabu, 1948–1963

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vitabu viliingia Singida hasa kwa njia ya misheni na shule. Walutheri walijenga vituo Iramba, na Kinampanda pakawa na chuo cha ualimu ambacho kipo hadi leo. Waanglikana walikuwa Kilimatinde, na Wakatoliki walikuwa na misheni zao. Vitabu vilivyopatikana katika vituo hivyo vilikuwa vya dini, vya kusomea kusoma na vya kufundishia. Msomaji aliyekusudiwa alikuwa muumini na mwalimu mtarajiwa.

Mwaka 1948 lilianzishwa shirika la East African Literature Bureau, makao yake yakiwa Nairobi, chini ya Charles Richards. Pamoja na kuchapisha vitabu, shirika hilo lilianzisha huduma ya kuazimisha vitabu kwa njia mbili: masanduku yaliyopelekwa kwenye vituo mbalimbali, na vitabu vilivyotumwa kwa posta kwa msomaji mmoja mmoja. Kwa nchi yenye vijiji vilivyotawanyika kama Singida, mpango huu ulikuwa na busara yake. Sanduku halikuhitaji jengo, na posta ilifika mahali ambapo maktaba isingejengwa kwa miaka mingi.

Hata hivyo, sanduku lilikuwa na mipaka ambayo inafaa kukumbukwa tutakapozungumzia hifadhidata. Lilijazwa na mtu aliyekuwa mbali, kwa kadiri alivyodhani kwamba msomaji angependa. Msomaji alichagua katika kilichokwisha kuchaguliwa. Zaidi ya hayo, halikubeba majarida ya kitaalamu. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilikuwa likitoka Dar es Salaam tangu mwaka 1936, likichapisha habari za historia, mila na mazingira ya nchi hii, lakini wasomaji wake walikuwa zaidi maofisa wa serikali, wamisionari na wataalamu. Mtoto wa shule ya kati mkoani aliweza kuwa mada ya jarida hilo, ila hakuwa msomaji wake.

3.0 Maktaba ya taifa na elimu ya kujitegemea, 1963–1980

Mwaka 1960 Sidney Hockey, mshauri wa maktaba wa shirika hilohilo, alitoa taarifa kuhusu maendeleo ya huduma za maktaba katika Afrika ya Mashariki. Kutokana na mwelekeo huo, Tanganyika ilitunga sheria ya kuunda bodi ya huduma za maktaba mwaka 1963, mwaka uleule ambao Singida ilipewa hadhi ya mkoa baada ya kuwa sehemu ya Jimbo la Kati. Tarehe 9 Desemba 1967 Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam na Rais Julius Nyerere. Sheria ya mwaka 1975 iliipa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania mamlaka mapana zaidi, yakiwamo ya kuhimiza maktaba za mikoa, vijiji na shule.

Mwaka huohuo wa 1967, mwezi Machi, ulikuwa umetoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Waraka huo ulitaka shule imjenge kijana mwenye akili ya kudadisi, anayeweza kujifunza kutoka kwa wengine na kuyapima mambo mwenyewe. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilisisitiza kwamba mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee, bali kazi za mwanafunzi za kila siku zihesabiwe. Kwa maneno mengine, sera ya elimu ilikuwa tayari inamtaka mwanafunzi awe mtafiti mdogo wa mazingira yake.

Huduma za maktaba zilikwenda njia nyingine. Nguvu kubwa ya miaka ya 1970 ilielekezwa kwenye kisomo cha watu wazima, na kwa sababu nzuri: wakati wa sensa ya mwaka 1967 sehemu kubwa ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Maktaba za vijiji zilianzishwa ili waliojua kusoma wasije wakasahau. Zilikuwa na vijitabu vya kilimo, afya, ufugaji na siasa. Huo ulikuwa ushindi mkubwa ambao hauna budi kuheshimiwa. Lakini msomaji aliyehesabiwa alikuwa mkulima mtu mzima. Katika sekondari, ambazo zilikuwa chache sana mkoani, maktaba ilikuwa chumba cha kutunzia vitabu vya kiada, na funguo zake zilikuwa mikononi mwa mwalimu aliyepewa jukumu hilo juu ya vipindi vyake vya kawaida.

Majarida, kwa upande wake, yalikusanywa Dar es Salaam. Chuo Kikuu, kilichoanza mwaka 1961 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, kilijenga mkusanyo wa machapisho ya Afrika ya Mashariki. Huko ndiko makala ya Jellicoe ya mwaka 1969 ilikoweza kusomwa, safari ya takribani kilomita 700 kutoka Singida mjini. Kitabu chake kuhusu mabadiliko ya jamii ya Wahi kilitoka Nairobi mwaka 1978, na kile cha Harold Schneider kuhusu Wahi Wanyaturu kilikwishatoka mwaka 1970. Singida ilikuwa imeandikwa vya kutosha kuanzisha rafu nzima, lakini rafu yenyewe haikuwa Singida.

4.0 Ukame wa vitabu, 1980–1998

Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na kwa uzito wa bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni, nchi iliingia katika miaka migumu. Karatasi ilikuwa haba, vitabu vya kiada viligawanywa kimoja kwa wanafunzi wengi, na maktaba za vyuo zilishindwa kulipia majarida ya nje. Watu wa Singida, wanaoujua ukame kwa mvua zao chache, hawatakosa kuielewa hali hiyo: mbegu ilikuwapo, mkulima alikuwapo, ila maji yalikatika.

Yapo mambo mawili ya kipindi hiki yaliyokuwa na matokeo baadaye. La kwanza ni kuanzishwa, mwaka 1989, kwa Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka cha Bagamoyo, ambacho kilianza kutoa watumishi wa maktaba wa ngazi ya kati. La pili ni kuundwa kwa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kwa sheria ya mwaka 1992. Chuo hiki kilijenga mtandao wa vituo vya mikoa, Singida ikiwa mojawapo, na kumwezesha mwalimu wa sekondari kusomea shahada bila kuacha kazi. Wakati huo hakuna aliyefikiri kwamba mwalimu huyo ndiye angekuja kuwa daraja kati ya hifadhidata na shule.

5.0 Ujio wa hifadhidata, 1998–2009

Mwaka 1995 ilianzishwa Marekani hifadhidata ya JSTOR, kwa lengo la kuzipunguzia maktaba mzigo wa kuhifadhi majarida ya zamani. Mwaka 1998 ulianza mradi wa African Journals Online, ambao unayaweka pamoja majarida yanayochapishwa Afrika. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Cornell kilianza kusambaza TEEAL, mkusanyiko wa majarida ya kilimo uliowekwa katika diski ili usihitaji mtandao. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilizindua HINARI kwa majarida ya tiba, na mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo likafuata na AGORA. Mwaka 2004 Google ilileta chombo cha kutafutia maandishi ya kitaalamu bila malipo. Vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini viliungana katika muungano wa maktaba uitwao COTUL ili kupata majarida kwa pamoja.

Kwa miaka michache tu, mhadhiri wa Dar es Salaam au Morogoro aliweza kusoma majarida ambayo mtangulizi wake wa mwaka 1985 aliyasikia kwa jina. Lakini ni lazima kueleza jinsi lango la hifadhidata linavyofanya kazi, maana hapo ndipo historia ya shule inapoachana na historia ya chuo. Hifadhidata ya kulipia haimtambui msomaji kwa jina lake wala kwa shauku yake. Inaitambua taasisi. Chuo kinaposajiliwa, anwani ya mtandao wake huandikwa katika orodha, na kila kompyuta iliyo ndani ya mtandao huo hufunguliwa. Aliye nje ya chuo hupewa nywila na maktaba yake. Mtu asiye na anwani wala nywila huoneshwa kichwa cha makala, ikisiri, na bei kwa dola za Marekani.

Mipango ya punguzo na ya bure iliyotajwa hapo juu ilibuniwa kwa ajili ya vyuo vikuu, taasisi za utafiti, hospitali na idara za serikali. Sekondari haikuwa mlengwa. Si kwamba kuna mtu aliyeamua kumfungia mlango mwanafunzi wa Iramba. Ni kwamba hakuna aliyemfikiria alipokuwa akiandika orodha ya wageni. Tumelikuta jambo hili mara mbili tayari, katika sanduku la mwaka 1948 na katika maktaba ya kijiji ya miaka ya 1970. Chombo kilibadilika, picha ya msomaji ikabaki na pengo lilelile.

6.0 Shule za kata, mkongo na Maktaba Mtandao, 2004–2020

Wakati hifadhidata zikiingia vyuoni, shule nazo zilikuwa zikibadilika. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, ulichochea ujenzi wa sekondari za kata nchi nzima. Wananchi wa Singida, kama wa mikoa mingine, walisomba mchanga na mawe, wakachanga fedha, na madarasa yakasimama. Kuanzia Januari 2016 ada ilifutwa katika sekondari za serikali hadi kidato cha nne. Idadi ya wanafunzi iliongezeka kuliko wakati wowote uliotangulia. Darasa lilijengwa kwanza, maabara ikafuata kwa msukumo wa serikali, na maktaba ikabaki nyuma, mara nyingi ikiwa kabati katika ofisi ya walimu.

Mwaka 2009 mkondo wa mawasiliano wa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa ukaanza kuyaunganisha makao makuu ya mikoa. Umeme wa vijijini nao ulisogea. Kufikia mwisho wa muongo uliofuata, sababu ya kusema kwamba mtandao haujafika Singida ilikuwa imepungua sana, ingawa kata za pembezoni ziliendelea kuwa na mawimbi hafifu. Hata hivyo, simu, ambayo ndiyo njia kuu ya Mtanzania kuingia mtandaoni, hairuhusiwi mikononi mwa mwanafunzi shuleni. Katazo hilo lina sababu zake za malezi. Matokeo yake kwa utafiti ni kwamba mwanafunzi hutegemea chumba cha kompyuta kama kipo, au simu ya mwalimu.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya janga la korona, na hadi mwisho wa Juni zilikuwa zimefunguliwa tena. Katika kipindi hicho Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ilipata umaarufu, kwa kuwa inampa mwanafunzi vitabu vya kiada bila malipo. Hapa maktaba ya kidijitali ilimhesabu mwanafunzi wa shule kuwa msomaji wake mkuu. Hatua hiyo ni kubwa. Lakini kitabu cha kiada na makala ya jarida ni vitu viwili. Kitabu cha kiada humpa mwanafunzi jibu lililokubaliwa. Makala humwonesha jinsi jibu lilivyotafutwa, nani alilipinga, na kipi bado hakijajibiwa. Mwanafunzi alihesabiwa hatimaye, ila alihesabiwa kuwa mpokeaji wa mtaala.

7.0 Majina yanayofungua: kutafuta Singida ndani ya hifadhidata

Tuseme lango limefunguliwa. Mwanafunzi wa Singida mjini ameketi mbele ya kompyuta na anataka kuandika kuhusu Liti, mwanamke wa Kinyaturu ambaye mapokeo yanasimulia kwamba aliwapinga Wajerumani kwa msaada wa nyuki. Jina hilo analifahamu tangu utotoni, kwa kuwa uwanja wa mpira wa mjini, uliokuwa ukiitwa Namfua, sasa unaitwa Liti. Anaandika "Liti Singida" na kubonyeza. Kinachotoka ni matokeo ya mechi.

Hapa ndipo ujuzi wa historia unapohitajika kabla ya ujuzi wa kompyuta. Watu tunaowaita Wanyaturu hujiita Warimi. Von Sick aliwaandika Waniaturu na, kwa jina la pili, Walimi. Jellicoe alitumia Turu, bila kiambishi. Schneider alitumia Wanyaturu, akitaja hasa kundi la Wahi, ambalo ni mojawapo ya makundi yao matatu makubwa. Jina la Liti nalo wapo wanaoliandika Leti. Mwanafunzi anayetafuta kwa tahajia moja tu ataamini kwamba hakuna kilichoandikwa, kumbe ameshikilia ufunguo mmoja kati ya mitano.

Hali ni hiyohiyo kwa jirani zake. Wanyiramba wanapatikana pia kwa majina ya Iramba na Nilamba. Ihanzu imeandikwa Isanzu, na katika vitabu vya Kijerumani Issansu. Wahadzabe ni Hadza kwa watafiti wengi wa leo, Hadzapi kwa wengine, Kindiga au Tindiga kwa wale wa zamani. Mengine kati ya majina hayo walipewa na jirani au na wageni, wala wao wenyewe hawayapendi. Mwalimu anayemwelekeza mwanafunzi kuyatumia katika kutafuta hana budi kumweleza pia kwamba jina la kutafutia si lazima liwe jina la kuandikia.

Mipaka ya utawala nayo ni mtego. Mkoa wa Singida haukuwapo kabla ya mwaka 1963, na hivyo makala za miaka ya 1950 huitaja nchi hii chini ya Jimbo la Kati. Katika maandishi ya Wajerumani, majina yanayojitokeza ni ya maboma, hasa Kilimatinde na Mkalama. Wilaya za Ikungi na Mkalama ziliundwa mwaka 2012. Kwa hiyo habari za kijiji cha Ikungi za mwaka 1970 ziko chini ya Wilaya ya Singida, na za Mkalama ziko chini ya Iramba. Hifadhidata haimwambii msomaji mambo haya. Inatafuta herufi alizopewa, basi.

Ni nani basi anayeweza kumwambia? Mashine haiwezi, na mwanafunzi mwenyewe bado hajui. Kazi hii ni ya mkutubi, anayejua namna makala zinavyopangwa na namna ya kuunganisha maneno ya kutafutia, akisaidiana na mwalimu wa historia na wazee wa mahali. Mzee wa Unyamikumbi asiyewahi kugusa kompyuta anaweza kuwa na jina la ukoo au la kilima ambalo, likiandikwa katika kisanduku cha kutafutia, litaleta makala iliyolala miaka hamsini. Kwa hiyo, maktaba ya shule isiyo na mkutubi haibadiliki kwa kuunganishwa na mtandao. Hukiunganisha chumba, ikamwacha msomaji mlangoni.

8.0 Suala la lugha

Mtaala ulioboreshwa, ambao utekelezaji wake ulianza Januari 2024, umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Kwa mara nyingine, kama mwaka 1967, shule inamtaka kijana aijue nchi yake. Lakini karibu maandishi yote ya kitaalamu kuhusu Singida tuliyoyataja yako katika Kiingereza au Kijerumani. Mwanafunzi ataulizwa kwa Kiswahili kuhusu mambo yaliyohifadhiwa katika lugha nyingine.

Historia inaonesha kwamba hali hii si ya lazima. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lina asili yake katika taarifa za Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, na pamoja na Mulika na Kioo cha Lugha limethibitisha kwamba makala ya kitaalamu huandikika kwa Kiswahili sanifu. Jarida la Swahili Forum, linalotolewa Ujerumani, husomwa mtandaoni bila malipo na huchapisha makala za Kiswahili pia. Aidha, hazina za vyuo vikuu nchini, ambamo tasnifu za Kiswahili huwekwa wazi kwa kila mtu, zimekuwa bila kelele maktaba kubwa ya makala na tafiti zinazoweza kusomwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu. Hazina hizi hazimwombi nywila, wala hazimwulizi anatoka taasisi gani.

Ndiyo maana mwalimu anayesomea shahada kwa njia huria ana nafasi ya pekee. Yeye ana nywila ya maktaba ya chuo, ana darasa la wanafunzi arobaini au zaidi, na anaifahamu lugha ya pande zote mbili. Tasnifu yake inapohusu semi, matambiko au majina ya mahali ya Singida, anaongeza katika hazina kile ambacho wanafunzi wake watakitafuta kesho. Katika historia nzima tuliyoifuatilia, ni hapa ambapo maandishi yameanza kutoka Singida kwenda nje kisha kurudi, badala ya kwenda tu.

9.0 Hitimisho na mapendekezo

Insha hii imeonesha kwamba sanduku la vitabu, maktaba ya kijiji, diski ya majarida na hifadhidata ya mtandaoni vilitofautiana kwa kasi na wingi, lakini vilifanana katika kumsahau mwanafunzi wa shule akiwa mtafiti. Umbali kati ya Mkalama na makala ya Obst mwaka 1912 ulikuwa bahari na bara. Leo umbali huo ni usajili wa taasisi, nywila, jina sahihi la kutafutia, na lugha. Vizuizi hivi ni vidogo kuliko bahari, lakini havitaondoka vyenyewe.

Mapendekezo matatu yanafuata kutokana na historia hii. Kwanza, maktaba za umma chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba ziwe lango la shule: taasisi moja iliyosajiliwa katika hifadhidata mkoani inaweza kuzihudumia sekondari za kata nyingi, kama sanduku moja lilivyozunguka vituo vingi. Pili, wahitimu wa ukutubi wa Bagamoyo waajiriwe kwa ajili ya makundi ya shule, na kazi yao iandikwe wazi kuwa ni kumfundisha mwanafunzi kutafuta, wala isiwe kutunza funguo tu. Tatu, kila anayeandika tasnifu kuhusu Singida, kwa lugha yoyote, aweke ikisiri ya Kiswahili katika hazina huria, na ndani yake ayataje majina yote ya zamani na ya sasa ya watu na mahali anaowazungumzia.

Pendekezo hili la tatu halihitaji fedha wala bajeti ya wizara. Linaweza kuanza na tasnifu itakayowasilishwa mwaka huu. Mwanafunzi atakayeandika "Liti" katika kisanduku cha kutafutia atapata matokeo ya mechi kama kawaida, na chini yake, hatimaye, habari za mwanamke ambaye uwanja umepewa jina lake.